Huggins, Mbwa Wake, na Wazee wa Temeke

Katika maradhi yanayowapata wanaume wa makamo na wazee wa vitongoji vya Dar es Salaam, tangu Mbagala na Tandika upande wa Temeke hata Mwananyamala na Tandale upande wa Kinondoni, hakuna yazungumzwayo kwa sauti ya chini kama saratani ya tezi dume. Na sababu ya kunong'ona huko ni kuwa maradhi haya yamekaa mahali ambapo mwanamume wa pwani amezoea kupahesabu kuwa hazina ya heshima yake, na mojawapo ya tiba zake kongwe huingia papo hapo kwa kisu. Kwa hiyo nimeona yafaa, badala ya kuwaonya wasomaji kama ilivyo desturi ya safu za siha, niipitie kwa utulivu kumbukumbu ya utafiti wa mtu mmoja, Charles Huggins, ambaye ndiye aliyedhihirisha kuwa saratani hii hulishwa na homoni. Maana ninaamini kwamba aelewaye jinsi elimu hii ilivyopatikana hataidharau tena tiba hiyo kuwa ni makombo ya masikini, wala tabibu aijuaye hana udhuru wa kumficha mgonjwa wake.

Huggins alizaliwa Halifax, katika jimbo la Nova Scotia nchini Kanada, tarehe 22 Septemba 1901. Akasoma udaktari Harvard, na mwaka 1927 akaajiriwa na Chuo Kikuu cha Chicago, ambacho wakati huo kilikuwa kinaanzisha skuli yake ya tiba. Ajabu ya kwanza katika habari zake ni kuwa alikabidhiwa maradhi ya njia ya mkojo ilhali hakuwa na mafunzo ya fani hiyo: alikuwa mpasuaji tu kama wapasuaji wengine, akaipata fani yake mpya vitabuni na vitandani pa wagonjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikwenda London kufanya kazi kwa Robert Robison, bingwa wa vimeng'enya viitwavyo fosfatasi, na huko akazoea jambo ambalo wapasuaji wengi wa zama zake hawakulizoea, nalo ni kuupima mwili kwa kemia kabla ya kuugusa na baada ya kuugusa.

Sehemu iliyo tamu kuliko zote katika kumbukumbu yake ni ile ya mbwa. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wachache sana ambao tezi dume yao huvimba uzeeni, na mara nyingine kuota saratani, pasipo mtu kuwafanyia lolote. Huggins na wenzake wakabuni upasuaji wa kuutenga mkojo na majimaji ya tezi, hata wakaweza kuyakusanya majimaji hayo siku baada ya siku kwa miezi mingi, mnyama akiwa hai na mzima. Hapo ndipo hesabu zilipoanza kusema. Mbwa alipohasiwa, majimaji yalikauka na tezi ikasinyaa. Alipodungwa testosteroni, tezi ilirejea ilivyokuwa. Alipoongezewa homoni ya kike, tezi ilisinyaa tena hata kama testosteroni ingalimo mwilini. Baadhi ya mbwa wazee walionekana wana uvimbe ndani ya tezi, na mwanzoni jambo hilo liliwaudhi watafiti kwa sababu liliwavurugia vipimo. Lakini walipoona kuwa uvimbe nao hunywea kwa kuhasiwa, mbwa wa namna hiyo waliokuwa kero wakawa wanatafutwa kwa bidii. Mimi huona kuwa umaarufu wa Huggins ulizaliwa zaidi katika kugeuka huko kwa nadhari, kutoka kuudhika na kisichotarajiwa hata kukifuata, kuliko katika kisu chake.

Mwaka 1941, pamoja na Clarence Hodges na mwenzao Stevens, alitoka kwa mbwa akaingia kwa wanadamu. Miaka mitatu kabla yake Alexander na Ethel Gutman wa New York walikuwa wameonyesha kuwa wanaume ambao saratani yao imefika mifupani huwa na fosfatasi ya asidi nyingi katika damu, na Huggins, ambaye fosfatasi alizijua tangu London, akatambua papo hapo kuwa amepata mizani ya kuupimia ugonjwa bila kuufungua mwili. Akawaondolea korodani wazee waliokuwa mahututi, na kipimo kikashuka; wengine akawapa homoni ya kike, na kipimo kikashuka vilevile; kisha wachache akawadunga homoni ya kiume, nacho kikapanda, jaribio ambalo kamati ya maadili ya leo isingaliliridhia bila maswali makali, maana ni kuulisha ugonjwa kwa makusudi ili kuthibitisha kuwa hula. Lakini si kipimo kilichoutikisa ulimwengu wa tiba. Ni wale wazee wenyewe, ambao maumivu ya mifupa yaliwafanya walale kwa mofini, na ambao aghalabu siku chache tu baada ya upasuaji waliomba chakula wakainuka. Wagonjwa wa kundi la kwanza walikuwa 21, wote wakiwa na saratani iliyokwisha kuenea. Na wanne katika hao waliishi zaidi ya miaka 12.

Hadi wakati huo rai iliyotawala ilikuwa kwamba seli ya saratani ni asi asiyesikia amri yoyote ya mwili, na kwamba dawa yake ni kuing'oa au kuichoma tu. Huggins alidhihirisha kuwa baadhi ya maasi hawa wangali wanakula katika sahani ya mwili, na kwamba sahani ikiondolewa hudhoofika. Iliichukua Kamati ya Nobel miaka 25 kulikiri jambo hili: alipewa tuzo mwaka 1966, akigawana na Peyton Rous, ambaye alikuwa ameonyesha tangu mwaka 1911 kuwa virusi huweza kusababisha saratani kwa kuku, na ambaye alingoja zaidi hata ya Huggins.

Yafaa pia kuitazama kasoro ya kumbukumbu hii, maana taadhima bila ukaguzi si elimu. Homoni ya kike iliyotumika sana baada ya 1941 ilikuwa stilbestroli, iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1938 na Charles Dodds na wenzake, ikawa rahisi, ya kumeza, na isiyomnyang'anya mtu kiungo. Kwa miaka 20 na ushei madaktari waliiona kuwa njia ya heshima zaidi. Kisha katika miaka ya 1960 hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani zikafanya jaribio kubwa la kuwagawa wagonjwa kwa kura, na likabainisha kuwa miligramu 5 kwa siku huizuia saratani ilhali huongeza vifo vya moyo na vya damu kuganda, hata aliyenusurika na tezi akachukuliwa na moyo. Huggins alipima fosfatasi, akapima maumivu, akapima tezi. Moyo hakuupima, na kwa hiyo haukumwambia kitu.

Njia ya tatu ilikuja kutoka ubongoni. Ubongo hutoa homoni ndogo sana ambayo huiamrisha tezi ya pituitari, nayo pituitari hutoa nyingine ambayo huziamrisha korodani zitengeneze testosteroni. Andrew Schally akisaga bongo za nguruwe, na Roger Guillemin akisaga za kondoo, kwa mamia ya maelfu, walishindana hata mwaka 1971 umbo la homoni hiyo, yenye asidi amino 10, likajulikana. Wakatunukiwa Nobel mwaka 1977 pamoja na Rosalyn Yalow. Maajabu yake ni kuwa ikifika kwa vipindi pituitari huitika, lakini ikikaa daima pituitari huacha kuitika, kama mwenye nyumba ambaye hodi moja humwinua kitini, ila mbishaji asiyekoma humfanya akae kimya kana kwamba hayupo. Juu ya siri hiyo zikaundwa sindano za goserelini na leuprorelini, ambazo hudungwa kila mwezi au kila baada ya miezi 3, na ambazo huishusha testosteroni hata kiwango kile kile cha mtu aliyehasiwa.

Kiwango kile kile: maneno haya ndiyo ninayotaka msomaji wa Temeke na Kinondoni ayashike, kwa sababu huku kwetu imeenea dhana kwamba sindano ni tiba ya wenye nacho na kisu ni tiba ya wasio nacho, na kwa hiyo kisu lazima kiwe dhaifu zaidi. Mapitio ya majaribio 10 yenye wagonjwa wapatao 1,900, yaliyochapishwa mwaka 2000, hayakuona kuwa waliodungwa waliishi zaidi ya waliopasuliwa. Kinachonunuliwa kwa sindano ni kubaki na kiungo, na pengine tumaini la kuisimamisha tiba. Haununuliwi kwayo hata mwaka mmoja wa uhai. Tena iko hali ambamo kisu ni bora: sindano hizi, kabla ya kuinyamazisha pituitari, huichochea kwanza kwa wiki moja au mbili, na testosteroni hupanda, na mzee aliyeletwa na wanawe akiwa miguu imeanza kufa ganzi kwa sababu uvimbe unaubana uti wa mgongo hawezi kungoja, wala kustahimili, wiki hizo, ilhali baada ya upasuaji testosteroni huporomoka kwa saa chache. Ongeza juu yake nauli, foleni, na safari isiyokwisha kutoka Mbagala Rangi Tatu hata Muhimbili au Ocean Road, hospitali ambayo Wajerumani waliijenga mwishoni mwa karne ya 19 na ambayo tangu 1996 ni Taasisi ya Saratani. Mtu akikosa sindano moja kwa ajili ya nauli, homoni huweza kurudi, na ugonjwa ukala tena.

Lakini je, ni maradhi yetu kweli? Swali hili lina historia katika Afrika Mashariki, na historia yake ni ya kufundisha. Mwaka 1949 mwanapatholojia wa Makerere, Uganda, J. N. P. Davies, aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza juu ya kile alichokiita mvurugiko wa homoni za jinsia kwa Waafrika: aliona wanaume wengi pale hospitali ya Mulago wenye maziwa yaliyovimba, akahoji kuwa ini lililodhoofishwa na utapiamlo hushindwa kuzivunja homoni za kike ambazo kila mwanamume huwa nazo kidogo. Dhana hiyo ilikwenda sambamba na dai lililozoeleka katika vitabu vya enzi hiyo, kwamba saratani ya tezi dume ni nadra kwa Mwafrika. Na mwenye kuisoma kwa jicho la Huggins angeweza kusema kuwa mambo yamekamilika, Mwafrika amejaaliwa stilbestroli ya asili ndani ya ini lake. Ilikuwa hoja nzuri, yenye kemia na mantiki; kilichopungua ni hesabu ya watu. Waliofika hospitalini wakati huo walikuwa vijana kuliko wazee, na mzee aliyezibwa mkojo kijijini alikufa kwa jina la uzee. Heshima ya Davies ni kwamba yeye mwenyewe alishiriki kuanzisha, mwanzoni mwa miaka ya 1950, daftari la saratani la Kampala, na daftari hilo hilo ndilo lililokuja kuibomoa dhana: Henry Wabinga na wenzake walipokusanya takwimu za Kyadondo, eneo lenye Kampala, waliona saratani ya tezi dume imepanda tangu miaka ya 1960, na kati ya 1991 na 2010 ilizidi kupanda kwa wastani wa asilimia 5 hivi kila mwaka. Katika Tanzania ya leo makadirio ya kimataifa huiweka mbele ya saratani zote za wanaume.

Pana kosa jingine ambalo si la maprofesa bali la barazani. Jioni zikiingia, pale Tandika, Temeke Mwisho na Magomeni, meza za supu ya pweza hupata wateja wake, na karibu nazo wauza karanga mbichi na nazi, na mbele kidogo wauza unga wa mizizi wenye sifa ndefu. Na kwa kuwa habari ya homoni imeanza kupenya mitaani, wamezuka wasemao kuwa saratani hii ni ya wanaume wenye nguvu kupita kiasi, au kinyume chake, kwamba mwenye nguvu hawezi kuipata. Kauli zote mbili hazina mguu. Mwaka 2008 watafiti waliunganisha tafiti 18 zilizopima damu ya wanaume kabla hawajaugua, wakalinganisha wagonjwa 3,886 na wanaume zaidi ya 6,000 wasiougua, na hawakuona uhusiano kati ya wingi wa testosteroni na kuipata saratani. Homoni huulisha uvimbe uliokwisha kuwapo. Haijathibitika kuwa huuzaa, na aliye nayo tele si lazima alishe zaidi ya aliye nayo ya kutosha, maana tezi ikishiba imeshiba. Kwa hiyo supu ya pweza haina lawama, wala haina kinga. Apaswaye kuhadhari ni yule ambaye tayari yuko katika tiba, kisha kwa fadhaa ya kupungukiwa akanunua kisirisiri dawa ya nguvu: kama imechanganywa na testosteroni, amelipa fedha ili atengue upasuaji wake mwenyewe.

Tiba ya Huggins haidumu milele, na yeye alilijua hilo mapema kuliko wengi. Baada ya mwaka, miwili, au mingi kwa wenye bahati, saratani huamka tena, na yeye akashuku tezi zilizo juu ya mafigo, ambazo nazo hutengeneza homoni ya kiume kidogo. Mwaka 1945, pamoja na William Scott, akathubutu kuziondoa pia, kwa matokeo ambayo hayakuwa ya kujivunia, kwa kuwa mwili bila tezi hizo haukuweza kukaa na kotisoni ilikuwa bado haijapatikana. Ushuku wake, hata hivyo, ulikuwa wa haki. Miaka 60 na zaidi baadaye ilibainika kuwa uvimbe unaoitwa sugu hauachi kuitegemea homoni, bali hujifunza kuishi kwa makombo, na wakati mwingine kuipika wenyewe. Na dawa ya abirateroni, iliyozaliwa London na kuidhinishwa Marekani mwaka 2011, huyakata makombo hayo, kwenye tezi za juu ya mafigo na kwenye uvimbe wenyewe. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2019. Bei yake ndiyo iliyokuwa ukuta, na ajabu iliyoje kwamba wa kwanza kuutoboa ukuta huo walikuwa tena watu wa Chicago: Russell Szmulewitz na wenzake walichapisha mwaka 2018 jaribio la wagonjwa 72, lililoonyesha kuwa miligramu 250 zikimezwa pamoja na chakula hukishusha kipimo cha damu sawa na miligramu 1,000 zimezwazo na tumbo tupu, kwa kuwa mafuta ya chakula huifanya dawa ifyonzwe zaidi mwilini. Jaribio ni dogo, wala halikupima urefu wa maisha. Lakini robo ya dawa ni robo ya gharama, na sioni kwa nini jaribio kubwa la kulihakikisha lisifanywe hapa hapa, kwa wali wa nazi.

Sasa turudi kwenye kisu na udhuru wa tabibu. Mzee wa pwani si mgeni wa upasuaji mahali hapo. Matende na mabusha yamewapeleka wengi kitandani, nao wakarudi nyumbani wepesi na kamili. Basi akiambiwa kwamba atafanyiwa "upasuaji mdogo" kwa ajili ya tezi, hudhani ni mfano wa ule wa busha, husaini fomu ya idhini, na siku ya tatu hugundua kwa mkono wake mwenyewe kilichoondoka. Tabibu hujitetea kuwa alitaka kumsitiri. Mimi naona alijisitiri yeye. Mambo ya kumwambia mzee hayazidi dakika 15, na ni haya: kwamba korodani zote mbili zitaondolewa, au kwamba nyama yake ya ndani tu itatolewa na ganda libaki, njia ambayo wapasuaji wanayo tangu miaka ya 1940 na ambayo mfuko wake haubaki mtupu, kwamba hamu na uwezo wa kitandani aghalabu huondoka, lakini sauti haibadiliki wala hageuki towashi wa hadithi, kwa sababu aliyekwisha kupevuka hapevuki kinyume, kwamba atapata joto la ghafla na jasho usiku, misuli italegea, mifupa itadhoofika kwa miaka, na sukari huenda ikapanda, mambo ambayo hupungua kwa kutembea kila siku na kupimwa, na kwamba sindano hufanya yote hayo hayo, zikimwachia kiungo chake na kumdai nauli maisha yake yote. Mkewe awepo, akiridhia mwenyewe mume, kwa kuwa nusu ya habari hii ni yake. Akikubali, apasuliwe wiki hiyo. Na akichagua sindano, tarehe ya sindano ya kwanza, na ya pili baada ya miezi 3, ziandikwe kwenye kadi yake kabla hajatoka chumbani, pamoja na jina la hospitali iliyo karibu na kwake itakayoweza kumdunga.